Mashua Iliyobebwa Mabegani

Mtu akisimama ufukoni Musoma asubuhi na mapema huona mitumbwi ya wavuvi ikirudi kutoka majini, na wachuuzi wa samaki wakiingojea. Kila chombo anachokiona kilizaliwa karibu na maji, kikasukumwa majini, kikaelea. Leo twapenda kuzungumza habari za chombo kimoja ambacho hakikuzaliwa hivyo. Kilipita mbele ya pwani yetu katika mwezi wa Machi, mwaka wa 1875. Na kabla ya kuonja maji ya ziwa hili kilikuwa kimekwisha kusafiri nchi kavu mwendo wa maili 700 na zaidi, juu ya mabega ya watu. Jina lake lilikuwa Lady Alice, yaani Bibi Alice.

Kwanza yatupasa kueleza kwa nini watu wajisumbue kubeba mashua namna hiyo. Katika mwezi wa Agosti, 1858, Mwingereza aitwaye Speke alifika upande wa kusini wa ziwa letu, karibu na mahali ulipo mji wa Mwanza, akayatazama maji, akasadiki moyoni kwamba hilo ndilo chimbuko la mto Naili. Wenzake wa Ulaya hawakukubali wote. Burton, aliyekuwa mkuu wa safari yake, alishindana naye kwa maneno makali. Wengine walisema kwamba hapana ziwa moja kubwa, bali kuna maziwa madogo mengi yaliyokaribiana. Speke akafa mwaka wa 1864, na mashindano hayo yalikuwa hayajakwisha. Dawa yake ilikuwa moja tu: mtu alizunguke ziwa lote ukingoni, asiache ghuba wala rasi, kisha achore ramani.

Henry Morton Stanley aliazimu kufanya kazi hiyo. Gharama zake zililipwa na magazeti mawili, moja la London na moja la New York. Stanley alijua kwamba akifika ziwani atahitaji chombo chake mwenyewe, kwa maana mwenye kuazima mtumbwi huenda mahali mwenye mtumbwi apendapo, tena hurudi siku mwenyewe apendayo. Kwa hiyo akamwendea fundi wa mashua wa Teddington, kando ya mto Thames, jina lake James Messenger, akaagiza mashua ya namna ya peke yake. Urefu wake ulikuwa futi 40, upana futi 6, na kina inchi 30. Mbao zake zilikuwa nyembamba, hazikufika nusu inchi. Wala haikuwa chombo kimoja: ilikuwa vipande 5, kila kimoja futi 8, vya kuungwa na kufunguliwa.

Enyi wanafunzi wa Bunda na wa Butiama, chukueni kamba kesho, mpime futi 40 katika kiwanja cha shule, mtie kigingi mwanzo na kigingi mwisho. Kisha pimeni futi 6 kwa upana. Mtazame nafasi hiyo, mjiulize: kitu hiki kitapitaje katika kijia cha mbuzi?

Swali hilo ndilo lililomkabili Stanley alipofika Unguja mwaka wa 1874. Mashua ilipofunguliwa na kupimwa, alitaharuki. Vipande vinne vilikuwa na uzito wa ratili 280 kila kimoja, na cha tano ratili 310; navyo havikuagizwa kuwa vizito kiasi hicho. Mzigo wa mpagazi mmoja wa siku zile ulikuwa kama ratili 60 au 70. Walakini uzito haukuwa taabu ya pekee. Upana ulikuwa taabu kubwa kuliko uzito. Barabara za siku zile hazikuwa barabara kama mnavyozijua. Zilikuwa njia za mguu, ambazo watu hufuatana mmoja nyuma ya mwenzake, nyasi na miiba huku na huku. Kipande cha mashua chenye upana wa futi 6 kingehitaji kundi kubwa la watu wa kutangulia na mashoka, wakikata msitu tangu Bagamoyo mpaka Nyanza.

Basi Stanley angaliweza kufanya nini? Kurudisha mashua Uingereza kulikuwa kupoteza mwaka mzima. Kuiacha Unguja kulikuwa kuliacha shauri lenyewe lililomleta. Akatafuta fundi, akapatikana seremala mmoja Mzungu aliyekuwapo Unguja wakati ule, akapewa kazi ya kuitengeneza upya. Fundi yule alivipasua vile vipande katikati kwa urefu, hata vikawa vyembamba vya kuweza kupita njia ya mguu, na wapagazi wawili wakaweza kukichukua kipande kimoja, mmoja mbele na mwenzake nyuma. Kazi yenyewe ilichukua majuma machache tu, lakini ndiyo iliyoiokoa safari.

Hapo pana jambo la kufikiriwa. Kule Teddington mashua ilitengenezwa na fundi aliyejua maji vizuri sana, wala hatumlaumu. Kazi yake ilisifiwa kwa uzuri. Lakini chombo kile kilikuwa na njia mbili za kupita, njia ya maji na njia ya nchi kavu, na yule fundi alikuwa hajaiona hata mara moja njia ya mguu ya Ugogo wala ya Usukuma. Aliyeijua ni yule mpagazi. Ndiyo maana twasema, kipimo cha kweli cha mashua ile kilikuwa bega la mtu na upana wa kijia, na mto Thames haukuweza kuyafundisha hayo.

Msafara uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba, 1874, watu 356. Wengi wao walikuwa Wangwana wa Unguja na Wanyamwezi, nao walichukua nguo, shanga, nyuzi za madini, risasi, na mashua. Wachukuzi wa mashua walichaguliwa kwa nguvu zao. Walipokezana wawili wawili. Mshahara wao ulizidi wa wapagazi wengine, posho yao iliongezwa, na waliruhusiwa kufuatana na wake zao. Msidhani ilikuwa zawadi bure. Mwenye furushi la nguo aweza kuligeuza kichwani na begani, akajipumzisha akiwa njiani. Lakini wawili wanaochukua kipande cha mashua wamefungwa pamoja kama ng'ombe wa nira: wa mbele akijikwaa, wa nyuma huanguka, wa nyuma akichoka, wa mbele husimama. Tena kipande kimoja kikipotea au kikivunjika, vile vingine vyote ni kuni tu.

Safari ilikuwa ngumu. Katika nchi kavu za katikati walipatwa na njaa, na wengine wakapotea porini. Homa na kuhara viliwaua wengi. Mmoja wa Wazungu watatu waliofuatana na Stanley, Edward Pocock, alifariki mwezi wa Januari, 1875. Vita vikazuka njiani, watu wakafa pande zote mbili. Wengine walitoroka wakarudi pwani, wala sisi hatuwezi kuwashangaa. Tarehe 27 Februari, 1875, msafara ulipofika Kageye, kijiji kilichokuwa ukingoni mwa ziwa upande wa mashariki ya Mwanza, Stanley aliwahesabu watu wake akaona wamebaki 166 tu, na Wazungu watatu, pamoja na yeye mwenyewe. Waliokuwa wametembea walitembea siku mia moja na zaidi. Na vipande vyote vya mashua vilikuwapo.

Vikaunganishwa. Mashua ikatiwa majini, mlingoti ukasimamishwa, tanga likafungwa. Ndipo likaja jambo jingine: nani ataingia? Wenyeji wa Kageye walisema kwamba ziwa hili ni kubwa mno, hata mtu akitaka kulizunguka itampasa kusafiri miaka 8. Tena wakasimulia habari za watu wa kutisha wakaao ng'ambo. Stanley alipoomba watu wa kujitolea, hakuna aliyejitokeza. Ikawa lazima kuwachagua. Wakapatikana mabaharia wa kutosha, na juu yao Wadi Safeni kushika usukani, na mwenyeji mmoja aitwaye Saramba awe kiongozi. Majina ya Stanley na Speke yameandikwa katika ramani na vitabu vyote. Twaomba jina la Safeni na la Saramba msiyasahau, maana bila mikono yao mashua ile isingalivuka hata ghuba moja.

Tarehe 8 Machi, 1875, Lady Alice iling'oa nanga ikaelekea mashariki. Ikapita mahali mto Simiyu unapoingia ziwani, ikafuata Ghuba ya Speke mpaka mwisho wake, ambako ndiko pwani ya nchi za Bunda. Mkazi wa Bunda asafiriye leo kwa basi kutoka Mwanza huliona ziwa upande wa kushoto kwa muda mrefu. Basi ajue ya kuwa maji yale yalipimwa na chombo kile siku zile za Machi. Kisha ikaenda kando ya Ukerewe na Ukara, ikapita chini ya mlima wa Majita, ikaikuta nchi ya Ururi, ikapita Ghuba ya Mara, mahali mji wa Musoma uliposimama baadaye. Wakati ule Musoma ya bandari na gati ilikuwa bado kuwako; kulikuwa na rasi, mawe makubwa, upepo, na vijiji vya wavuvi. Kutoka hapo ikashika njia ya kaskazini.

Huku vilimani Butiama, katika nchi ya Wazanaki, hapakuonekana tanga lile, kwa maana ziwa li mbali. Lakini njia za Butiama zilikuwa za namna ile ile iliyomshurutisha fundi kupasua mashua. Hata mwaka wa 1934, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito alipopelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, shule ile ilikuwa mwendo wa maili 26 kutoka kwao. Mtoto huyo, Julius Nyerere, ndiye aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Tanganyika, na baadaye wa Tanzania. Mtu aliyekulia penye njia za mguu huelewa upesi maana ya mzigo.

Mwezi wa Aprili mashua ilifika Buganda, na Kabaka Mutesa akampokea Stanley kwa heshima. Wakati wa kurudi, katika upande wa magharibi, likatokea jambo la uchungu ambalo hatuna haki ya kulificha. Tarehe 28 Aprili mashua ilifika kisiwa cha Bumbire kutafuta chakula. Wenyeji wakaikamata, wakaivuta nchi kavu pamoja na watu waliokuwamo, wakawanyang'anya makasia. Baada ya saa nyingi za mabishano, mabaharia waliisukuma kwa ghafula mpaka majini, wakaruka ndani. Makasia hawana. Wakang'oa mbao za sakafuni mwa mashua, wakapiga maji kwa mbao zile, huku Stanley akipiga bunduki na kuwaua watu. Mashua ile, iliyokwisha kubadilishwa Unguja na seremala, ikabadilishwa tena na mabaharia wenyewe kwa mikono mitupu, wakaokoka.

Kama habari ingaliishia hapo, tungalisema walijiokoa. Lakini mwezi wa Agosti mwaka ule ule Stanley alirudi Bumbire na mitumbwi mingi na bunduki nyingi kulipiza kisasi. Akawapiga risasi watu waliosimama pwani na mikuki na mawe, naye yu majini mbali nao. Watu wengi wakafa. Habari hizo ziliposomwa Uingereza, hata huko walikuwako wengi waliomlaumu. Sisi tunaosimulia historia kwa watoto tunatakiwa kuyasema yote mawili: kwamba safari ilikuwa ya ushujaa, na kwamba damu ya Bumbire ilimwagika bila lazima. Mwalimu akificha la pili, hata la kwanza halitasadikiwa.

Tarehe 6 Mei, 1875, Lady Alice ilirudi Kageye. Ile miaka 8 ilikuwa imekuwa siku hamsini na kitu. Frederick Barker, mmoja wa wale Wazungu wawili walioachwa kungoja, alikuwa amekwisha kufa kwa homa. Lakini mashindano ya Ulaya yalikuwa yamekwisha nayo: ziwa ni moja, na Speke alisema kweli. Hapana mtu aliyekuwa amelizunguka na kuliandika hivyo kabla yao. Twasema "kuliandika", kwa sababu wavuvi wa Ukerewe, wa Majita na wa Sese walikuwa wakiyajua maji yao tangu zamani za babu zao, kila watu sehemu yao. Jambo jipya lilikuwa kuziunganisha sehemu hizo zote katika karatasi moja.

Wala kazi ya mashua haikuwa imekwisha. Ikafunguliwa tena, ikabebwa mpaka Ujiji, ikalizunguka ziwa la Tanganyika mwaka wa 1876 kwa siku 51. Ikafunguliwa mara nyingine, ikabebwa mpaka mto Lualaba, nao ukawa ndio Kongo. Huko maporomoko yakala watu wengi. Frank Pocock alizama mwezi wa Juni, 1877. Mwishowe, penye maporomoko ya Isangila, karibu na mwisho wa safari, wasafiri walikuwa na njaa na hawana nguvu tena za kubeba kitu. Mashua ikavutwa juu ya mawe, ikaachwa hapo ioze juani. Mwezi wa Agosti waliosalia wakafika Boma, karibu na bahari ya magharibi. Katika wale Wazungu wanne alibaki Stanley peke yake, na katika Waafrika 356 waliotoka Bagamoyo waliorudi Unguja ni mia na kidogo.

Sasa mtu aweza kuuliza, habari za mashua moja kuukuu zatufaa nini? Twajibu kwamba shauri lake halikufa. Katika nchi za barafu, kwenye ncha ya kusini ya dunia, watu walijaribu kwenda kwa magari. Mwaka wa 1911 Kapteni Scott wa Uingereza alipeleka magari ya theluji matatu. Moja lilizama baharini barafu ilipovunjika wakati wa kulishusha, na mawili yakaharibika mitambo kabla ya kufika mbali. Kisha, tarehe 4 Januari, 1958, Edmund Hillary wa New Zealand na wenzake walifika nchani kwa matrekta ya shamba, ya namna ile ile ya kulimia. Hayo ndiyo magari ya kwanza kufika huko kwa njia ya nchi kavu. Walifanyaje? Walizivika gurudumu zake minyororo mipana ya kukanyagia theluji, ili uzito utawanyike yasizame. Wakajenga vibanda vya turubai kuwakinga na upepo. Wakayafunga matrekta kwa kamba moja na jingine, ili moja likitumbukia katika ufa, mengine yalishike. Tazameni jinsi mashauri yanavyofanana. Seremala wa Unguja alipunguza upana kwa ajili ya kijia. Watu wa Hillary waliongeza upana kwa ajili ya theluji. Kila mmoja aliitazama njia kwanza, kisha akakishika chombo chake.

Na hapa kwetu ziwani, karibu meli zote kubwa za zamani ziliingia kwa desturi ya Lady Alice. Meli ya moshi William Mackinnon ilijengwa Uingereza, ikaletwa vipande vipande, ikashushwa majini Kisumu mwaka wa 1900, wakati reli ilikuwa haijafika huko. Mv. Victoria, ambayo wazee wengi wa kanda ya ziwa wamepata kuipanda, ilijengwa Scotland, ikafunguliwa, ikapandishwa reli tangu Mombasa hata Kisumu, ikaunganishwa, ikaanza kazi mwaka wa 1961. Ilitengenezwa upya, ikarudi majini mwaka wa 2020 kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu. Tofauti ni kwamba mabega ya watu yamepata mapumziko, na gari la moshi limechukua zamu yao.

Basi wanafunzi, mkisha kuipima mashua kwa kamba pale kiwanjani, fanyeni jambo moja zaidi. Chukueni boriti nzito, wawili waibebe, mmoja mbele na mmoja nyuma, wazunguke kiwanja mara moja tu, kisha mwaulize mabega yao yasemaje. Mkumbuke ya kuwa kutoka Bagamoyo mpaka Kageye ni maili 700, na kwamba wale waliobeba wengi wao hawakupata kuandikwa majina. Kisha msomapo katika vitabu kwamba fulani alikuwa wa kwanza kufika mahali fulani, msiache kuuliza swali hili: mzigo wake ulibebwa na nani?